Bakuli Nililopikia Uji

Ukinyanyua chungu changu kwa kushika mdomo wake, nakwambia ukiweke chini na uondoke. Sijali umevaa suti au ndala. Chungu hushikwa kwa mikono miwili, mmoja kitakoni na mmoja ubavuni, kama unavyompokea mtoto mchanga kwa mkunga. Nilisema hivyo kila siku pale Marshalltown, kwenye meza yangu ya kando ya barabara, na watu wakanicheka. Mjukuu wangu Rehema naye alinicheka, mpaka alipobaki na mdomo mkononi na chungu chote kikiwa sakafuni. Basi tuanzie hapo. Mikono miwili.

Nakuandikia wewe Rehema na wenzako mliozaliwa hapa Johannesburg, mnaosikia Kiswahili changu vizuri kisha mnanijibu Kizungu. Nawaandikia na wale vijana waliokuja na begi moja, wakaniuliza, "Bibi, nifanye biashara gani?" Mimi niliishia darasa la nne, huko milimani Lushoto. Herufi zangu ni kubwa na mistari yangu inapanda kilima. Lakini kazi yangu naijua. Nimeiacha mwaka huu wa 2019 kwa sababu ya magoti, si kwa kushindwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta vyungu vya raku na kuwapelekea watu wanaovikusanya. Najua mtasema, watu wazima wanakusanya vyungu? Wanakusanya. Wengine wanakusanya stempu, na stempu huwezi hata kuwekea chumvi.

Raku ni namna ya kuchoma. Asili yake Japani, halafu wafinyanzi wa nchi nyingine wakaiga kwa njia zao. Chombo kinapakwa maji ya madini yanayogeuka kioo motoni, kinaingizwa kwenye joko dogo, na kikiwa bado chekundu kama kaa kinatolewa kwa koleo na kutumbukizwa kwenye pipa la vumbi la mbao. Vumbi linawaka, pipa linafunikwa, moshi unakosa pa kwenda. Unaingia kwenye udongo. Pasipo na kioo panakuwa peusi. Penye kioo panapasuka nyufa nyembamba kama nywele, na moshi unajichora humo. Hakuna viwili vinavyofanana. Wateja wangu walitaka vya zamani, vya miaka ya sitini na sabini, vilivyofinyangwa na watu mmojammoja kwenye vibanda vyao, si vya kiwandani. Vingi vilikuja nchi hii kwenye masanduku ya wahamiaji, vikazeekea kwenye kabati za watu ambao wajukuu wao hawakujua ni nini.

Mimi nilikuwa nauza vyombo vilivyotumika. Mzee akifa kule vitongoji vya kaskazini, au akihamia nyumba ya kutunzia wazee, watoto wako ng'ambo, vitu vinauzwa kwa boksi bila kufunguliwa. Nilinunua boksi, nikafungua mezani, nikauza sufuria kwa sufuria. Mwaka 2015 nilikuwa na kibakuli kimoja cheusi chini, cheupe juu, chenye nyufa. Nilikitilia vifungo vya nguo.

Akapita mama mmoja wa Kizungu, mzee, mwembamba, na viatu vya kamba. Aliinama akamwaga vifungo vyangu vyote mezani bila kuomba.

"Mama, umepotea?" nikamuuliza. "Hapa si kwako."

Alikigeuza kitako, akakiweka karibu na sikio, akakigonga kwa ukucha. Kisha akatoa kwenye mkoba kile kioo kidogo cha kutazamia meno, akakiingiza ndani.

"Kimepitia nini?" akaniuliza.

"Kimepitia vifungo."

Akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa daktari wa meno, amestaafu, naye alikuwa amekusanya raku tangu ujana wake. Nilimwita Daktari mpaka mwisho. Yeye aliniita Zaina, na sikumkataza, kwa sababu alinizidi miaka kumi.

Daktari ndiye aliyenifundisha. Alinifundisha nisiseme "kizuri." Nikisema kizuri ananikata: "Sijakuuliza hivyo. Umeona nini?" Basi nikajifunza kuona. Raku ni nyepesi kuliko macho yanavyodhani, na udongo wake una chenga, kwa sababu udongo laini hauwezi kuvumilia kutolewa motoni ghafla. Ukiigonga haiimbi kama kikombe cha chai, inasema tub, kama kugonga mlango wa mbao. Ikisema tub upande mmoja na tek upande mwingine, ujue kuna gundi. Tafuta alama za meno ya koleo kwenye kioo, mbili au tatu, mahali mfinyanzi alipokikamata kikiwa chekundu. Wajinga wanaziona kasoro. Mimi nilifurahi nikiziona, kama kumwona mtu na kovu lake la utotoni.

Na msikilize juu ya weusi. Weusi wa moshi haufutiki, umo ndani ya udongo. Aliwahi kuja Juma, kijana wa Dar, muuza chaja pale pale Marshalltown, na chombo kimefungwa kwenye taulo.

"Shangazi, leo nimekuletea kitu cha kale kabisa. Raku hiyo, angalia ilivyo nyeusi."

Nikachukua kitambaa, nikatema mate, nikasugua. Kitambaa kikatoka cheusi. Nikanusa.

"Juma."

"Naam, shangazi."

"Kiatu cha pili kiko wapi?"

"Kiatu gani tena?"

"Umekipaka dawa ya viatu. Nenda ukakitafutie mwenzake uvae."

Walicheka meza zote mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani. Juma mwenyewe alicheka. Lakini baada ya hapo nilimfundisha, na siku hizi ana jicho zuri. Hajaacha uongo, ila sasa anadanganya kwenye chaja tu.

Sasa niseme kosa langu, ndilo lililonikalisha kuandika.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Kwetu kazi ile ilikuwa ya wanawake, na mwanamume kusogelea vyungu vikichomwa ulikuwa mwiko. Chungu kipya kinavuja, kinatoa jasho. Mama alikiziba kwa uji mwepesi: anauchemsha humo humo polepole, uji unaingia kwenye matundu ya udongo, kesho yake chungu kinashika maji. Kumpa mtu chungu ambacho hakijapikiwa uji ilikuwa aibu. Watu wangesema huyu mama anauza udongo tu.

Mwaka 2016 nilipata bakuli moja kwenye boksi la mabakuli ya mbwa. Lilikuwa la kunywea chai, la kujaza viganja viwili, jeupe kama maziwa, nyufa zake za kijivu, meno ya koleo matatu. Sijapata tena lililolizidi. Nikaenda nalo nyumbani Berea, nikalitia maji nilioshe. Nilipolinyanyua, meza ilikuwa na duara la maji. Linavuja.

Nikaona haya. Nimpelekee Daktari kitu kinachovuja? Asubuhi ile ile nikachukua unga wa mahindi, nikakoroga uji mwepesi, nikaumimina bakulini, nikaliweka juu ya jiko kwa moto mdogo kabisa. Tuliishi na Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, msusi, jiko tulilitumia pamoja. Akaingia kuchemsha maji ya kuoshea nywele.

"Mama Zaina, ni uji ya nani unapika mule? Ya paka?"

"Ni uji wa bakuli."

"Uji ya bakuli! Mais," akachanganya Kifaransa chake, "bakuli inakulaka?"

"Hili linakula."

Alitikisa kichwa akatoka. Mimi nikaendelea, nikamwaga uji, nikalisuuza, nikalianika dirishani siku mbili. Nikalitia maji. Halikutoa hata tone. Na nyufa zake zilikuwa zimekolea rangi ya chai, zimependeza. Nilijiona mama yangu.

Nikampelekea Daktari. Aliligeuza kwa muda mrefu. Halafu akauliza swali lake, lile ambalo hakuacha kuliuliza kwa chombo chochote. "Kimepitia nini?"

Ningesema tu. Lakini nilitazama sebule ile, kabati za vioo, zulia, nikafikiria jiko letu la Berea na uji wangu. Nikaona atanicheka.

"Hakuna," nikasema. "Nimelifuta vumbi."

Aliandika kadi. Kila chombo alikuwa na kadi yake: kimetoka wapi, kwa nani, lini, kina ufa gani. Akaandika kwamba Zaina alilifuta vumbi. Bakuli likaingia kabatini.

Miezi michache baadaye alinipeleka kwa mzee mmoja mfinyanzi, uani kwake, nione raku ikichomwa. Mwanamume mwenye ndevu anachoma vyungu! Nikasema moyoni, mama yangu angemtimua kwa mwiko wa ugali. Lakini alipovuta chombo chekundu kwa koleo nilisogea karibu. Mama naye alivuta vyungu motoni vikiwa vyekundu, kwa mti mrefu, akavinyunyizia maji ya magome, mvuke ukapanda. Ilikuwa kazi ile ile. Nikamuuliza mzee yule mnaviziba na nini. Akanishangaa.

"Hatuvizibi. Raku inavuja, ndivyo ilivyo. Ukiitia kitu cha kula, kinabaki humo ndani."

Daktari alikuwa amesimama pembeni yangu. Ningesema pale pia. Sikusema. Nikajiambia, uji wenyewe ulikuwa mwepesi.

Ikapita miaka miwili. Mwaka 2018 mvua za hapa, zinazokuja miezi ya joto, zilikuwa nyingi, nyumba za kule zikanuka unyevu. Siku ya Jumanne nilipeleka chombo cha maua. Getini alinifungulia Thandeka, aliyemtunza Daktari na nyumba yake. Thandeka siku zote alinipokea kwa maneno, "Gogo, leo umeleta takataka gani?" Gogo ni bibi kwa Kizulu. Siku hiyo hakunitania. Alinipeleka jikoni akanionyesha sahani ya bati, ya buluu, imebanduka ukingoni.

"Hii ndiyo sahani yangu, gogo. Tangu nimeanza kazi hapa. Umewahi kuniona nakula kwenye vitu vyake?"

"Sijawahi. Kuna nini?"

"Eti nimekula kwenye bakuli lake jeupe. Limeota ukungu. Amesema mpaka Ijumaa niseme ukweli, la sivyo niondoke. Nina watoto watatu kule Alexandra, gogo. Niseme ukweli gani?"

Nikakumbuka uji wangu wa Berea.

Daktari alinionyesha bakuli. Kwenye nyufa za ndani kulikuwa kumeota manyoya ya kijivu, mstari kwa mstari, kama mtu amechora ramani ya mito. Alikuwa na hasira ya kimya. "Hiki ni chakula," akasema. "Nimetazama vinywa vya watu maisha yangu yote, najua mabaki ya chakula. Funguo za kabati tunazo mimi na Thandeka tu."

Nililichukua kwa mikono miwili. Nikalinusa. Lilinuka uji uliochacha.

Nikaliweka chini. Nikachukua mkoba wangu, nikaaga, nikaondoka. Nimeandika hivyo makusudi mpate kuona: niliondoka.

Njiani nilijipa sababu. Labda kweli Thandeka alikula humo. Labda ni unyevu. Daktari alikuwa anapanga kuhamia nyumba ndogo na kuuza vyombo vyake, wanunuzi walikuwa wanakuja kuviona, na wote wananijua kupitia kwake. Nikisema, nani atakubali tena neno langu? Kwenye kazi hii hakuna karatasi ya serikali inayosema chombo ni cha kweli. Kuna neno la aliyekileta, basi.

Nyumbani nikamsimulia Mama Furaha habari ya bakuli kuota ukungu na Thandeka kusingiziwa, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alikuwa anasuka mtu. Akasimamisha mkono.

"Bakuli gani? Si ile yenye ulilisha uji?"

Nikaanza kuvua viatu.

"Mama Zaina. Na yule mama wa kazi, wanamufukuza juu ya uji yako?"

"Bado hawajamfukuza. Mpaka Ijumaa."

"Aa, basi iko sawa," akasema, akarudi kusuka. "Ungojee Ijumaa."

Hakulirudia jambo lile jioni hiyo wala kesho yake. Alinisalimia, akapika, akapita. Siku ya Jumatano nzima nilikaa Marshalltown sikuuza kitu. Mtu alinyanyua bakuli kwa kushika mdomo wake, nikamwacha.

Alhamisi asubuhi nilikwenda. Thandeka alikuwa anakunja nguo zake chumbani, mfuko uko wazi kitandani. Nikamwambia, "Njoo sebuleni, nataka usikie." Tukasimama mbele ya Daktari. Sikukaa, ingawa magoti yalikuwa yananiuma.

"Daktari, uliniuliza bakuli lile limepitia nini. Nikakwambia hakuna. Nilipikia uji humo."

Alivua miwani. "Uji?"

"Uji wa mahindi. Lilikuwa linavuja. Kwetu chungu kinazibwa hivyo. Sikujua. Halafu kule kwa mzee wa ndevu nikajua, na bado sikukwambia."

Nilingoja anifukuze. Akachukua kalamu. Akaniuliza kama daktari anavyomuuliza mgonjwa: unga gani, mweupe au wa dona? Maji kiasi gani? Moto wa namna gani? Ulikaa muda gani? Kulikuwa na chumvi? Nikajibu kila kitu. Hakuna chumvi. Aliandika yote kwenye ile kadi, kwa herufi zake ndogo. Kisha akageuka kwa Thandeka akamwambia amekosea, anaomba radhi. Alisema kwa sauti ndogo, akitazama zulia. Thandeka akasema, "Nimesikia," akaenda kutoa nguo kwenye mfuko.

Daktari akanisukumia kadi na kalamu. "Andika jina lako hapo chini."

Nikaandika. Jina langu lilichukua nafasi ya mistari mitatu, likapanda kilima.

Nilipokuwa natoka, Thandeka alikuwa getini. Nilidhani atanishukuru. Siwafichi, nilitegemea hivyo.

"Ulijua Jumanne," akasema.

"Nilijua Jumanne."

"Leo Alhamisi, gogo. Siku mbili nilikuwa nawaza watoto wangu watakula nini. Uliniangalia ukaenda kupanda teksi."

Alinifungulia geti.

Daktari hakununua kwangu kipupwe kizima. Wengine nao walisikia, wakaacha kupiga simu. Nilirudi kwenye sufuria. Mvua zilipoanza akanipigia: "Zaina, una nini mezani?" kama vile tumeachana jana. Nikampelekea chombo cha maua. Alipouliza kimepitia nini, nikamwambia kimeanguka kikiwa mkobani, kwenye ngazi za kwetu Berea, kina mkwaruzo kitakoni usioonekana. Akautafuta kwa kile kioo chake cha meno mpaka akauona. Akakinunua. Hata hivyo, tangu kosa lile, baada ya kila jibu langu alinitazama usoni kwa muda mrefu kidogo kuliko zamani. Nililistahili jicho lile, sikulilalamikia.

Mwaka huu amehamia nyumba ya kutunzia wazee. Vyombo vyake vimeuzwa vyote isipokuwa kimoja. Thandeka ndiye aliyekileta kwangu, kwa miguu yake, ghorofa ya nne, lifti imekufa tangu zamani. Alikuwa amekizungushia gazeti, na kadi yake imo ndani.

"Kila aliyelishika alilipenda," akasema. "Halafu anasoma kadi, analiweka chini. Daktari amesema ni lako. Na mimi nimesema ni lako."

"Kaa unywe chai."

Alitazama bakuli, akanitazama mimi. "Kwenye kikombe, gogo?"

"Kwenye kikombe."

Ndipo akakaa. Mama Furaha alitoa maandazi, tukaongea habari za watoto wake, mkubwa amemaliza shule. Habari ya Jumanne ile hatukuigusa.

Bakuli liko kwenye rafu juu ya redio, mbali na dirisha, mahali pakavu. Ukungu umekufa, lakini kivuli chake kimebaki kwenye nyufa, hakitoki. Rehema, bakuli lile halitiwi funguo, wala chenji, wala chaja yako. Linashikwa kwa mikono miwili. Siku mtakapoliuza, kwa sababu najua mtaliuza, liuzeni pamoja na kadi yake, na mnunuzi aisome kabla hajatoa pesa. Msije mkaikata pale chini penye jina langu.